Kopo Lililopinduliwa: Orodha ya Kudumu ya Mahitaji ya Nyumbani

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, akina mama na akina baba, asanteni kwa kunikaribisha. Nilipoombwa kuzungumza juu ya matumizi ya nyumbani, nilijua wengi wenu mngetarajia nizungumzie bei. Bei siziwezi, na ninyi pia hamziwezi. Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi, na katika yote niliyofundisha nimechagua jambo moja dogo, ambalo ni karatasi ya kuorodhesha mahitaji ya jikoni, inayoandikwa mara moja na kutumika mwaka mzima.

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na orodha bora kuliko nyingi nilizopata kuziona katika nyumba za wasomi. Kwenye rafu ya jikoni kwake yalipangwa makopo: la chumvi, la sukari, la majani ya chai, la kunde, la choroko na la unga wa ngano. Kitu kilipokaribia kwisha, alihamishia kilichobaki ndani ya bakuli, akaliosha kopo lake na kulirudisha rafuni likiwa limepinduliwa. Siku ya gulio, yeyote aliyetumwa alitazama rafu, akayachukua makopo yaliyopinduliwa, na hayohayo ndiyo aliyokwenda kupimiwa. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kitu, na hakuna aliyeulizwa sokoni kwa nini amenunua hiki akaacha kile.

Naomba mtazame kwa makini jinsi rafu ile ilivyofanya kazi. Makopo hayakubadilika, kilichobadilika ni jinsi yalivyokaa. Aliyepindua kopo ni yule aliyepika, kwa maana ndiye aliyeona chini ya kopo. Aliyekwenda gulioni hakuwa na la kuamua, alisoma tu alichoambiwa. Kwa hiyo rafu ile ilikuwa mazungumzo kati ya anayepika na anayenunua, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyopotea katika nyumba zetu nyingi za mjini.

Hapa Dar es Salaam anayepika na anayenunua mara nyingi ni watu wawili, na pengine watatu. Binti anayetusaidia kazi ndiye anayepika, mama ndiye anayepanga fedha, na baba ndiye anayepita Kariakoo au Buguruni jioni akirudi kazini. Nyumbani kwangu mwezi mmoja tulijikuta na pakiti sita za chumvi. Mimi nilinunua kwa sababu nilihisi imekwisha, mume wangu alinunua kwa sababu muuzaji hakuwa na chenji, na binti alitumwa dukani kwa Mangi na mtu ambaye hadi leo hajajitokeza. Wiki hiyohiyo tulikula wali bila nazi, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameleta. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu methali hiyo ilhali chumvi imejaa kabatini.

Mtaniambia kwamba orodha mnaandika. Ni kweli, tunaandika nyuma ya risiti, juu ya kipande cha boksi, au tunaituma kwa ujumbe wa simu baba akiwa tayari amesimama ndani ya daladala. Tatizo la orodha ya namna hiyo ni kwamba kila wiki inaanza upya, na inaanzia kichwani. Kichwa hukumbuka kilichokosekana jana na kinachotamaniwa leo. Hakikumbuki kiberiti, hakikumbuki mche wa sabuni, wala hakikumbuki kwamba nyuma ya gunia la mkaa kuna kilo mbili za maharage zinazoanza kuingia wadudu. Orodha inayofaa huanzia stoo.

Nadhani sisi wenye umri wangu tuna sababu ya ziada ya kukosea. Tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari na sabuni zilipokuwa adimu, tulijifunza kuingia kwenye foleni kwanza na kuuliza baadaye kinagawiwa nini. Aliyeamua tutanunua nini ni duka, si jikoni. Bidhaa zilirudi, lakini tabia ile ya kununua kinachoonekana kwa sababu kinaonekana imebaki kwa wengi wetu, na tumeirithisha kwa watoto ambao hawajawahi kuona foleni ya sukari.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Orodha ya kudumu haiandikwi kwa siku moja. Nunueni kaunta buku moja na kalamu ya maka, na kwa muda wa mwezi mmoja msibadilishe chochote katika manunuzi yenu. Kila mnapofungua mfuko, chupa au pakiti, andikeni tarehe juu yake kwa maka. Siku kitu hicho kinapokwisha, andikeni tarehe zote mbili kwenye daftari, ya kukifungua na ya kukimaliza. Mfuko wa mchele wa kilo 25 uliofunguliwa tarehe 3 na kwisha tarehe 28 ya mwezi huohuo umeliwa kwa siku 25, yaani nyumba hiyo inakula kilo moja kwa siku. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, lakini nimewauliza watu wazima wengi nyumba zao zinakula sukari kiasi gani kwa wiki, na karibu wote wamenitajia kiasi wanachonunua. Vitu hivyo viwili havilingani, hasa pale ambapo jirani huomba na watoto huramba.

Mwezi ukiisha, chukueni karatasi nene ya ukubwa wa A4 mwandike, kwa wino, mambo yasiyobadilika: jina la kitu, mahali kinaponunuliwa, na kile ninachokiita kiwango kamili, yaani kiasi kinachotosha kutoka siku moja ya soko hadi nyingine pamoja na akiba ya siku mbili tatu. Pembeni acheni nafasi tupu. Kisha ipelekeni karatasi hiyo kwa fundi wa steshenari aifanyie laminesheni, ili nafasi ile tupu iandikwe kwa kalamu ya ubao mweupe na kufutwa kwa kitambaa. Asiye na fedha ya laminesheni aiingize katika mfuko wa plastiki wa kuhifadhia vyeti. Kazi ni ileile. Na kama jikoni kuna mtu asiyesoma, chukueni boksi gumu, mchore picha za vitu pembeni yake na mtumie vibanio vya nguo: kibanio kikihamia kwenye picha, kitu kimepungua.

Matumizi yake ni haya. Jioni ya kuamkia siku ya soko, anayepika anasimama mbele ya stoo, si mbele ya televisheni, akiwa na orodha mkononi. Tuseme sukari kiwango chake kamili ni kilo 4, naye anakuta imebaki kilo 1; anaandika 3. Mafuta ya alizeti kiwango chake ni lita 5, naye anakuta dumu limejaa nusu. Anaandika lita 2 na nusu, au anaacha hadi wiki ijayo ikiwa nyumba inatumia lita moja kwa wiki. Kitu kilichotimia hakiandikwi chochote. Anayenunua hapewi ruhusa ya kuongeza kitu kwa sababu kinapendeza, lakini anapewa ruhusa ya kupunguza kiasi, bei ikiwa mbaya, na akipunguza aandike, ili anayepika ajue mapema na asije akagundua sufuria ikiwa tayari mekoni.

Vitu vipangwe kwa kufuata miguu ya mnunuzi. Msivipange kwa alfabeti, wala kwa makundi ya vyakula niliyokuwa nikiyachora ubaoni darasani. Anayefuata nafaka Tandale, ndizi Mabibo na samaki Feri hana haja ya karatasi inayomrudisha nyuma mara tatu. Anayeanza Kariakoo na kumalizia gengeni karibu na nyumbani aandike vizito na vikavu juu, nyanya na mchicha chini kabisa, kwa kuwa nyanya iliyokaa chini ya kilo 10 za unga katika daladala ya saa kumi na mbili jioni haifiki ikiwa nyanya. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba ina kikapu au mfuko wake wa sokoni. Mimi nimetundika orodha kwenye msumari uleule wa kikapu, ili anayechukua kimoja aguse na kingine. Aliye mbali na nyumbani apigiwe picha ya orodha na kutumiwa kwa simu. Nimeonyeshwa na vijana programu za kufanya kazi hii, na ni nzuri, ila binti anayepika hana simu ya kuzifungua, na orodha isiyofikiwa na anayepika hainifai.

Kuhusu vipimo nitachukua muda kidogo, kwa maana hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Vitu vya dukani vina kilo na lita, lakini sokoni tunanunua kwa fungu, kwa kisado na kwa debe, na fungu la nyanya la msimu wa nyanya si fungu la wakati zimeadimika. Ukiandika mafungu mawili, utaletewa mafungu mawili, yawe makubwa au madogo. Kwa hiyo vitu vya mafungu viandikwe kwa siku: nyanya za siku tatu, vitunguu vya wiki, ndimu za wiki. Anayenunua atazame fungu na kukadiria mwenyewe. Akikosea mara mbili atapata jicho. Nyanya na mboga za majani hazistahili kiwango kamili cha wiki mbili hata zikiwa bure, na kama hamna friji zisizidi siku mbili. Vitunguu maji na viazi mviringo hukaa, mradi vitengwe na kuwekwa mahali penye hewa na giza.

Mama mmoja aliniambia kabla ya kikao kwamba haya ni mazungumzo ya watu wa mshahara, kwa kuwa yeye fedha yake huja jioni na huondoka jioni. Ana haki ya kusema hivyo, na sitamjibu kwa kumwambia anunue gunia. Tufanye hesabu ya mfano. Kama kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo inauzwa shilingi 800, anayenunua robo kila siku hutoa shilingi 5,600 kwa wiki kwa sukari ambayo kwa bei ya kilo ingekuwa shilingi 5,250. Tofauti ni shilingi 350 kwa wiki, shilingi 18,200 kwa mwaka, kwa kitu kimoja tu. Kununua robo si ujinga; ni umbo la fedha yake. Kwake yeye orodha ina kazi nyingine: inamwonyesha ni kitu gani akitoe kwenye robo kwanza. Achague kimoja kisichooza na kisichorambwa, kama vile chumvi, sabuni au maharage. Akipata siku nzuri akinunue cha mwezi mzima, kisha tofauti anayoiokoa aipeleke kwenye kitu cha pili. Sukari iwe ya mwisho, kwa maana kitu kikiwa kingi ndani ya nyumba hupikwa kingi. Atakayeinunua kwa wingi aipimie ya wiki katika kopo la jikoni, nyingine aifungie.

Gesi nayo ina tabia yake, kwa kuwa mtungi hausemi kilichobaki ndani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Mtungi wa kilo 6 uliojaa una uzito huo na kilo 6 juu yake. Upimeni kwa mizani ya dukani au ya kushika mkononi, na kilo moja ikibaki wekeni alama kwenye orodha. Wenye mtungi wa pili hawahitaji mizani; siku wanapoufunga ule wa pili kwenye jiko ndiyo siku ya kuandika.

Kuna miezi ambayo orodha moja haitoshi. Ramadhani ina tende, magimbi, mihogo, tambi na nazi nyingi kuliko kawaida, na Januari ina mahitaji ya shule yanayokula fedha ya jikoni. Mimi nimeandika orodha ya Ramadhani nyuma ya karatasi ileile, nikaigeuza mwezi unapoandama. Wageni wa siku mbili hula katika akiba, wala siwahesabu. Wakizidi hapo ninabadilisha kiwango, kwa kuwa nyumba ya watu sita wanaokula kilo moja ya mchele ikiongezewa wawili inakaribia kilo moja na robo na ushei. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mjini mashamba hatuna, basi mimi humpa kikapu, na kwenye msumari wa kikapu orodha anaikuta.

Mezani pale nimeleta karatasi thelathini nilizozichora mistari, bila majina ya vitu. Sikuandika majina kwa makusudi, maana stoo zenu sizijui. Kila mmoja achukue moja, lakini asiijaze leo. Aondoke nayo pamoja na kalamu ya maka, na kitu cha kwanza atakachokifungua jikoni jioni hii akiandike tarehe. Tutakapokutana tena mwezi ujao nitaomba kuona madaftari, nami nitakuja na langu, pamoja na pakiti ya chumvi iliyobaki kati ya zile sita.