Kulwa na Doto wa Nazareth: Mario Andretti na pacha wake

Asanteni kwa kufika. Mlioketi kwenye ngazi mnisamehe, viti vimekwisha.

Naanza na picha. Ni Mei 1969, Indianapolis. Madereva watatu wa safu ya mbele wamesimama kupigwa picha kabla ya mbio za maili 500: A.J. Foyt, Bobby Unser, na mwenzao Mario Andretti. Ila huyo si Mario. Siku chache nyuma, kitovu cha gurudumu la nyuma la gari lake aina ya Lotus kilivunjika akiwa mazoezini. Gari likapiga ukuta, moto ukamuunguza uso. Hakutaka kuonekana vile pichani, kwa hiyo akamtuma pacha wake, Aldo. Wapiga picha wakapiga, dunia ikaitazama.

Siku ya mbio aliingia Mario mwenyewe na uso wake wenye majeraha, kwenye gari la akiba, akashinda. Mwenye timu, Andy Granatelli, mwili jumba, akamkumbatia na kumbusu shavuni palepale penye maumivu.

Wengi waliokwisha kuzungumza juu ya Andretti huanza na hesabu. Nitaimaliza upesi. Ni yeye peke yake katika historia aliyeshinda mbio mbili kubwa za Marekani, Daytona 500 (1967) na Indianapolis 500 (1969), kisha akawa bingwa wa dunia wa langalanga, yaani Formula 1 (1978). Ana ushindi 12 wa langalanga, na 52 kwenye magari ya Indy, yale yanayoshindana Indianapolis. Basi. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba safari yake ilianza ikiwa ya watu wawili, na ukimtazama peke yake unakosa nusu ya mambo.

Kwetu wangeitwa Kulwa na Doto. Walizaliwa tarehe 28 Februari 1940 huko Montona, rasi ya Istria, enzi hizo ikiwa Italia. Vita vikaisha, Istria ikawa ya Yugoslavia, na mwaka 1948 familia ikaondoka. Miaka saba iliyofuata waliishi kambi ya wakimbizi mjini Lucca. Kwa anayejua maisha ya kambi, sina haja ya kueleza. Kwa asiyejua, fikirini familia nyingi ndani ya jengo moja, na kinachozigawa ni mablanketi yaliyoning'inizwa.

Mwaka 1954 vijana hao walipelekwa Monza kutazama mbio za Italia. Shujaa wao alikuwa dereva Alberto Ascari. Mei 1955 Ascari akafa, papo hapo Monza, akijaribu gari. Mwezi uliofuata wakina Andretti wakashuka kwenye meli Marekani, wakaenda kukaa Nazareth, mji mdogo wa Pennsylvania. Kumbe mji huo ulikuwa na uwanja wake wa mbio, wa udongo mtupu! Vijana walikuwa wameondoka Italia wakilia kwamba mbio za magari ndiyo basi tena.

Wakanunua gari la zamani, Hudson ya mwaka 1948, wakalitengeneza kwa mikono yao na marafiki. Baba hakuambiwa. Mwaka 1959 gari likawa tayari, lakini usukani ni mmoja na madereva wawili. Wakarusha shilingi. Aldo ndiye aliyepata kutangulia, akaenda akashinda. Zamu iliyofuata Mario, naye akashinda. Wakaendelea kupokezana hivyo hivyo, na waliokuwa jukwaani wasingeweza kuapa ni yupi yuko ndani.

Mwisho wa msimu huohuo, kule Hatfield, ilikuwa zamu ya Aldo. Gari likapinduka, fuvu likapasuka, akazimia kwa muda mrefu. Hapo ndipo baba alipojua wanawe wanafanya nini Jumamosi jioni. Jiulizeni: ile shilingi ingeangukia upande wa pili, zamu zingepangwaje, na Hatfield angekuwa nani?

Aldo alipona, akarudi mbioni, lakini Mario alikwisha tangulia. Uraia wa Marekani akaupata 1964, ubingwa wa taifa mwaka uliofuata, na mwingine 1966. Sasa rudini kwenye ile picha ya Mei 1969. Miezi mitatu tu baadaye, Agosti, Aldo aligonga uzio huko Des Moines, Iowa. Mifupa ya uso ikavunjika sehemu 14. Madaktari walimjenga upya, lakini hawakufanana tena. Uso uliokopeshwa Mei, Agosti haukuwapo. Aldo hakushindana tena.

Mario, kwa upande wake, aliendesha kila chenye magurudumu manne. Alipanda mlima Pikes Peak kwa kasi, akashinda mara tatu mbio za Sebring, zinazodumu saa kumi na mbili mfululizo, na mwaka 1971 akapata ushindi wake wa kwanza wa langalanga, Kyalami, Afrika Kusini, akiwa na Ferrari.

Gari lililompa ubingwa ni Lotus 79, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naipenda. Bawa la ndege huinua. Colin Chapman, mwenye Lotus, na wahandisi wake walilipindua juu chini na kulificha pembeni mwa gari, wakaziba ubavuni kwa mapazia yanayogusa lami. Hewa ikipita chini kwa kasi, shinikizo linashuka, gari linanyonywa na barabara. Kwenye kona wengine wanakanyaga breki, Lotus inapita tu. Mwaka 1978 Mario alishinda mbio sita.

Taji alilipata Monza, uwanja uleule wa utotoni. Lakini siku hiyo, mara tu mbio zilipoanza, mwenzake wa timu, Ronnie Peterson, aligonga, akavunjika miguu. Usiku hali ikabadilika, asubuhi akafariki. Bingwa mpya hakuwa na cha kusherehekea.

Indianapolis hakushinda tena, na watu wakaanza kusema "laana ya Andretti". Mimi neno hilo silipendi. Mwaka 1987 aliongoza mizunguko 170 kati ya 200. Ikisalia 23, injini ikamkatalia. Mafundi walieleza kwamba, kwa kuwa alikuwa mbele sana, alipunguza mwendo ili ailinde, na huko kupunguza kukaiweka kwenye kasi yenye mtetemo mbaya, springi ya valvu ikavunjika. Ulinzi ndio ulioiua. Hiyo ni fizikia, mganga haitwi.

Mwaka 1993, akiwa na miaka 53, alishinda Phoenix. Alistaafu mbio za Indy mwaka uliofuata, na 1995 akaenda Le Mans, Ufaransa, kwenye mbio za saa ishirini na nne, akamaliza wa pili. Wanawe Michael na Jeff waliingia mbioni, na mjukuu Marco pia. Aldo naye alimtoa John, aliyeshinda mbio za NASCAR, zile za Marekani za magari yenye umbo la gari la kawaida. John alifariki kwa saratani Januari 2020, na baba yake akamfuata Desemba ya mwaka huohuo.

Mario, alipokwisha kupita miaka 70, bado alikuwa akivaa kofia ngumu Indianapolis. Haikuwa kushindana. Walitengeneza gari la mbio lenye viti viwili, abiria nyuma ya dereva, naye akawa anazungusha watu wasiowahi kwenda kasi ile maishani mwao. Wakishuka, miguu inatetemeka. Yeye anabaki palepale na injini inaunguruma, anangoja mwingine apande nyuma yake.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.