Dumu Juu ya Boneti

BAKARI: Karibuni wasikilizaji. Sauti ya Upendo leo imekwaruza, na si mafua. Juzi alikuwa Mombo anabishana na stendi nzima.

UPENDO: Stendi nzima na wauza machungwa juu.

BAKARI: Waeleze basi. Hilux wanaijua. Wanajua pampu yake ya dizeli, ile inayosukuma mafuta kwenye nozeli zinazoyapuliza ndani ya injini, ilikuwa inavuja, ikapelekwa Tanga kwa fundi pampu, ikafanyiwa ovahoo, yaani ikafunguliwa na kutengenezwa upya, ikarudi. Ya Mombo hawajayasikia.

UPENDO: Pampu imerudi, tumeifunga pale uani, gari ikawaka. Na ikawa inawaka kila asubuhi kwa ufunguo mmoja, na baridi yote ya Lushoto. Nikasema haya, kazi imekwisha. Nikapakia karoti, nikateremka. Mombo nikaegesha pale tambarare nikaenda kula. Narudi, napiga stata, injini inazunguka, haishiki. Ikashika kidogo, ikatetemeka, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Vijana wakajaa.

BAKARI: Na wote wakasema pampu.

UPENDO: Wote! Wameona bolti zinang'aa, basi. Pampu ikishafunguliwa, kila ugonjwa wa gari unabandikwa kwake.

BAKARI: Sasa leo tumepanga mambo manne. Upepo kwenye mafuta, solenoidi ile ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu, bolti ya marejeo ambapo mafuta ya ziada yanatoka kurudi tangini, na taiming, yaani wakati wa pampu kupeleka mafuta. Tuanze na...

UPENDO: Ngoja kaka. Tuanze na swali lililoniumiza kichwa pale Mombo. Kwa nini nyumbani iwake na pale ikatae? Pampu ni ileile, dizeli ileile, na Mombo kuna joto. Ilitakiwa iwake vizuri zaidi.

BAKARI: Nyumbani unaegeshaje?

UPENDO: Mteremkoni. Pua chini.

BAKARI: Umejijibu.

UPENDO: Nilijijibu palepale, lakini waeleze wao.

BAKARI: Tangi la Hilux liko nyuma na chini. Pampu iko mbele, juu. Ukiegesha tambarare, dizeli iliyo kwenye paipu ina hamu ya kurudi tangini, kinachoizuia ni kwamba hakuna mahali hewa inapoingia. Hewa ikipata upenyo hata mdogo sana, dizeli inarudi nyuma na paipu inabaki na upepo. Sasa ukiegesha pua chini, tangi ndilo linakuwa juu. Dizeli inabaki imejaa mpaka kwenye pampu usiku kucha. Asubuhi gari inawaka, na wewe unasema mzima.

UPENDO: Kumbe mteremko unauficha ugonjwa.

BAKARI: Na Lushoto kila mtu anaegesha pua chini. Ukikuta gari limetazama juu, mwenyewe ni mgeni.

UPENDO: Au kaoa karibuni, bado hajafundishwa na wakwe.

BAKARI: [anacheka] Shemeji yangu mmoja alikuja kutoka Dodoma, akaegesha pua juu mbele ya nyumba ya mzee. Mzee hakumsemesha mpaka kaligeuza. Kwao gari lililotazama juu ni gari lisilojiandaa kuondoka.

UPENDO: Na mzee ana haki! Betri ikifa usiku, utafanyaje? Lakini ndiyo hivyo, tabia ya miaka yote inakufichia mpira uliopasuka. Mimi nasema hivi kwa watu wote wa milimani, Usambara, Njombe, Rungwe, popote: ukifunga pampu iliyotoka kutengenezwa, siku za mwanzo egesha pua juu. Makusudi. Ikiwaka asubuhi ikiwa imetazama juu, hapo upande wa kuvuta mafuta ni salama.

BAKARI: Watakuita mgeni.

UPENDO: Waniite. Sasa dumu.

BAKARI: Ee, dumu. Hapo ulinifurahisha.

UPENDO: Nilichukua dumu safi la lita 5, nikatia dizeli safi. Duka la vifaa vya maji nikanunua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Dumu nikalifunga juu ya boneti, imara, mbali na feni na bomba la moshi. Nikachomoa paipu ya kutoka tangini, nikaleta dizeli kutoka kwenye dumu kupitia kichujio kidogo mpaka kwenye pampu moja kwa moja. Na marejeo ya pampu nikayarudisha kwenye dumu hilohilo. Halafu nikalegeza nati za paipu kule kwenye nozeli, nikamwambia kijana apige stata kidogokidogo, kila mara tunapumzisha. Dizeli ikaanza kutoka na povu, baadaye ikatoka kavu, yaani bila povu. Nikakaza nati. Ikawaka, ikatulia, nikakanyaga ikapanda bila kusita.

BAKARI: Kwa hiyo pampu?

UPENDO: Haina hatia. Tatizo liko kati ya tangi na pampu. Tulifuata mpira mmoja mmoja, tukaukuta ule mfupi wa kwenye filta, umepasuka chini ya klampu. Na ona, haukuwa unadondosha hata tone. Upande wa kuvuta haudondoshi, unanyonya. Ndiyo maana mtu anapapasa chini ya gari, anaona pakavu, anarudi kuilaumu pampu.

BAKARI: Huo mpira wa plastiki ni wa kupimia tu, jamani. Msiuache, dizeli itaukausha uwe mgumu.

UPENDO: Tayari nimetoa. Sasa solenoi...

BAKARI: Lakini dada, mimi kwenye hadithi hii nina swali. Vijana walitaka kukusukuma. Ukakataa kwa nini?

UPENDO: Kwa sababu pampu imetoka kutengenezwa.

BAKARI: Mimi ningekubali.

UPENDO: Najua.

BAKARI: Stata haikuumbwa kuzungusha injini isiyo na mafuta dakika nzima. Inapata moto, betri inalala, sasa una matatizo mawili. Gari ikisukumwa, ukaweka gia ya 3, injini inazunguka haraka kuliko stata inavyoweza, pampu inavuta, upepo unatoka. Na ukiwa huku kwetu ndiyo rahisi zaidi, unaachia breki tu. Wazee wa malori ya kabichi wamefanya maisha yao yote.

UPENDO: Malori yale yalikuwa na pampu nyingine, kaka. Pampu za mstari, zile ambazo Bosch walianza kuziuza mwaka 1927, nyingi kamshafti yake inaogelea kwenye oili. Hii yetu ya kuzunguka, aina ya VE, haina oili yake ndani. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita. Plunja, ile pini inayosukuma mafuta, na kichwa chake vimeachana kwa mikroni chache tu. Ndiyo maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaziua. Nimetoka kulipia ovahoo, halafu nizizungushe kavu, tena kwa kasi zaidi ya stata?

BAKARI: Kavu vipi? Unajaza kwanza kwa pampu ya mkono pale juu ya filta mpaka iwe ngumu. Nyumba ya pampu imejaa. Upepo uliobaki ni wa kwenye paipu za nozeli, na huo unataka mzunguko.

UPENDO: Mpira umepasuka! Nimejaza kwa mkono, ikianza kuvuta inanyonya hewa tena. Nitakuwa nasukumwa na pampu inakula upepo. Halafu mkanda. Injini yetu, ile ya Toyota inayoitwa 3L, mkanda mmoja unazungusha kamshafti ya valvu na pampu. Ukiachia klachi gari likiwa kwenye mwendo, mshtuko unapita hapo. Ukiruka jino, taiming imekwenda, na valvu zinaweza kukutana na pistoni.

BAKARI: Mkanda mzima, uliokazwa sawasawa, klachi ikaachiwa taratibu, hauruki. Nimefanya kazi hii muda mrefu, sijauona ukiruka hivyo.

UPENDO: Na mkanda mzee?

BAKARI: Mkanda mzee ubadilishwe, hilo ni jambo lingine.

UPENDO: Si lingine. Mtu anayesukumwa stendi hajui mkanda wake una umri gani. Na breki je? Vakumu inayolainisha pedali ya breki inatoka kwenye pampu nyingine, iliyo nyuma ya alteneta. Injini haizunguki, ukikanyaga mara chache vakumu imekwisha, pedali inakuwa nzito. Kwenye kona za Soni, njia ya kushuka Mombo, bonde lile upande wa pili?

BAKARI: Gia ikishika, injini inazunguka, alteneta inazunguka, vakumu ipo.

UPENDO: Na kabla haijashika?

BAKARI: Mita chache hizo, Upendo. Na mimi nimesema Mombo, tambarare, vijana wanasukuma.

UPENDO: Umesema unaachia breki tu. Wamekusikia.

BAKARI: Nimesema huku kwetu ni rahisi. Sikumwambia mtu ashuke Soni injini imezima.

UPENDO: Kuna atakayesikia hivyo, kaka, na mimi siwezi kuliacha lipite. Kwa pampu iliyotoka kufunguliwa, kusukuma ni hapana.

BAKARI: Na mimi nasema mtu asiyesukuma atanunua stata. Nimeziona stata zilizoungua, meza imejaa.

UPENDO: Basi apumzishe stata. Alegeze nati, apige kidogo, angoje.

BAKARI: Betri ya nani hiyo itakayongoja?

UPENDO: Aazime betri.

BAKARI: Mombo, saa nane mchana, karoti ziko juani.

UPENDO: Karoti zangu zilingoja.

BAKARI: Na zilinyauka, umeniambia mwenyewe.

UPENDO: Zilinyauka kidogo. Pampu nzima. Sibadilishi neno.

BAKARI: Wala mimi. Mwenye mitambo ananionyesha saa, na tumefanya jambo moja kati ya manne.

UPENDO: Haraka basi. Solenoidi: washa swichi, chomoa waya wake pale juu ya pampu, gusisha tena. Lazima isikike "tak". Isiposikika, pima kwanza kama umeme wa volti 12 unafika kabla ya kununua nyingine.

BAKARI: Bolti ya marejeo. Ina tundu dogo sana ndani na imeandikwa OUT. Pampu ikirudi na bolti zikiwa kwenye mfuko, ni rahisi kuifunga upande wa kuingilia, kwa sababu kwa nje zinafanana. Hapo mafuta yanaingia kwa shida na yanatoka kwa wingi, shinikizo la ndani haliji. Gari inawaka, ukikanyaga inazima. Mtu anafungua pampu nzima kwa sababu ya bolti. Soma maandishi kwanza. Taiming...

UPENDO: Taiming haiwezekani kwa dakika moja, na najua utasema kwa sikio.

BAKARI: Ningesema kwa sikio, na wewe ungesema geji.

UPENDO: Ningesema geji. Iwe wiki ijayo. Lakini kaka, lile la mkono hatuwezi kufunga bila kulisema.

BAKARI: Sema wewe.

UPENDO: Mkilegeza zile nati kwenye nozeli, msiweke kidole wala kiganja kusikilizia kama mafuta yanafika. Nozeli inafungua kwa zaidi ya bar 100. Dizeli kwa nguvu hiyo inapenya ngozi na kuingia ndani, na juu unaona kitundu tu kama cha sindano, hakiumi sana mwanzoni. Kikitokea, usifunge kitambaa uendelee na kazi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na umwambie daktari ni dizeli iliyoingia kwa shinikizo, asidhani ni mkwaruzo. Tumieni kipande cha boksi kuangalia, na miwani.

BAKARI: Na watoto wakae mbali na uwanja wakati huo.

UPENDO: Na watoto. Haya, tumezidisha muda, wanatukatia.