Jenga sayari ya chuma juu ya meza

Karibuni wadau. Leo tunajenga mfano mdogo wa sayari ya chuma tupu, wa kupiga picha: haina jani, haina hewa, na chombo cha anga kimekwama hapo na wanaanga wake wanne. Kazi hii naipenda kupita kiasi. Hao wanaanga nawachonga mwenyewe hapa Temeke na nawauza, anayetaka aandike hapo chini.

Tafuta lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la TV, gundi ya mbao, toilet pepa, vanishi, rangi ya kupuliza nyeusi na ya fedha. Vumbi la chuma kaombe kwa mafundi wa kuchomelea, pale mtaa wa Gerezani, Dar, grinda hazinyamazi. Lisafishe hivi: funga sumaku kwenye nailoni, pitisha juu ya vumbi. Oneni, chuma kinarukia juu, mchanga wa jiwe la grinda unabaki chini. Chomoa sumaku, chuma kinadondoka kikiwa safi.

Milima unakata kwa kisu, mashimo unabonyeza kwa mgongo wa kijiko. Haya, twende.

Sasa hapa tulieni. Povu lote lifunike kwa toilet pepa na gundi, tabaka mbili. Lote! Rangi ya kupuliza ina kiyeyushi, ikigusa povu inalitafuna mpaka mlima unabaki gofu. Na unyevu huu wa Dar, usidanganyike ukigusa juu ukaona pakavu. Liache lilale mpaka kesho.

Sogeza kamera. Hapo hapo, chini ya mlima. Mnaona kitundu kama ncha ya kalamu? Rangi itapenya hapo hapo. Tunaweka kipande kingine, tunasubiri tena. Narudia: kagua na upande wa chini.

Kikishakauka, toka nje, puliza nyeusi kote, kisha fedha kidogo kutoka upande mmoja.

Paka vanishi, nyunyiza chuma ingali mbichi. Usitumie gundi ya maji, chuma kitashika kutu, na kutu inataka maji na oksijeni, vitu ambavyo sayari yetu haina. Kile kimondo cha Mbozi kule Songwe, takriban tani 16, karibu asilimia 90 ni chuma, lakini kimelala kwenye mvua zetu. Yetu haijawahi kuona hata tone. Huko angani kuna asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka Jua, inaitwa Psyche, upana wake unazidi kilomita 200, na wanasayansi wanaamini ina chuma kingi. NASA walirusha chombo kwenda huko Oktoba 2023, kinatarajiwa kufika 2029. Mpaka leo hakuna aliyeiona kwa karibu, kwa hiyo milima yako ichonge unavyoona wewe.

Chombo chetu ni chupa ya shampuu, kilaze ubavu, pua imezama kidogo. Wanaanga watatu waweke karibu na mlango. Wa nne mimi humweka mbali, amepanda kilima anatafuta njia.

Nyuma tundika kitambaa cheusi, maana pasipo hewa anga ni jeusi hata mchana. Taa iwe moja tu, chini, kwa pembeni, vivuli vitoke vikali. Mbili zinaua kila kitu. Na zima feni kabla hujapiga picha, vumbi la chuma likiingia jichoni utalala hospitali.