Ukienda Berlin kujitolea, kwanza ujue kilichotoka Lindi

Haya asanteni, habari za mchana. Dada mratibu kaniomba niwaeleze maisha ya kujitolea Berlin yakoje, na najua nusu yenu mnasubiri habari za viza, baridi na hela ya matumizi. Viza mtaelezwa na wenyewe. Baridi ipo, Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, koti nunua kulekule, mitumba ipo. Kwenye treni hakuna geti lakini kata tiketi, wakaguzi wanapanda wamevaa kiraia na faini ni yuro 60. Basi, hayo nimemaliza.

Sa mi naomba nirudi kwenye jambo langu, walionisikia vikao vilivyopita wanisamehe, nitalisema tena mpaka lisikike. Tangu 2013 vijana wa kwetu wanaweza kwenda Ujerumani kupitia weltwärts, mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, zamani ilikuwa Wajerumani tu ndo wanakuja huku. Nafasi nzuri sana. Lakini kila kundi linaloondoka hapa linafundishwa namna ya kusalimia, namna ya kutenganisha taka, namna ya kuwahi kazini, halafu hakuna hata mmoja anayeambiwa kwamba kule Berlin kuna mzigo wa kwetu, mifupa ya dinosaria, wa zaidi ya tani 200!

Ukifika, wenzako watakupeleka Brandenburger Tor mpige picha, watakupeleka kwenye ukuta pale East Side Gallery mpige picha, sawa, pigeni. Ila siku ya kwanza ya mapumziko panda treni ya U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum, ingia makumbusho ya viumbe, lipa kiingilio. Ukumbi wa kwanza tu unamkuta amesimama. Mjusi wa Tendaguru, kilima cha kule Lindi. Kwenda juu ni mita 13.27, kiunzi cha dinosaria kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani, Guinness wamekiandika. Kilisimamishwa 1937, wameunga mifupa ya wanyama kadhaa na pengine wakajazia plasta, lakini iliyo mingi ni mifupa yenyewe, ya Lindi.

Angalia mguu wa mbele. Mfupa mmoja tu, ule wa kutoka begani hadi kiwikoni, una mita 2 na ushee, nilisimama pembeni yake ukanipita. Na huo sio mfupa tena, ni jiwe, umelala ardhini miaka kama milioni 150. Sa chukua jiwe hilo ulitoe Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, kilomita kama 60, gari hakuna, reli hakuna, mnyama wa kubeba hawezi kudumu kwa sababu ya mbung'o. Nani alibeba? Watu. Midogo kichwani, mikubwa imefungwa kwa mianzi na kuning'inizwa kwenye miti, wanaume kadhaa mabegani, siku kadhaa njiani, halafu wanarudi kuchukua mingine, hivyohivyo kuanzia 1909 mpaka 1913. Kuna mizigo ya mianzi hadi leo iko kwenye stoo ya makumbusho haijafunguliwa, imefungwa vilevile kama mikono ya mababu zetu ilivyoifunga.

Na 1909 ni lini? Hesabu mwenyewe. Maji Maji imeisha 1907. Mashamba yamechomwa, maghala yamechomwa, makadirio ya waliokufa yanafika watu 300,000 na wengi wao ni njaa. Ndo kusini hiyohiyo. Mtu aliyetoka kwenye njaa ile ukimwambia njoo uchimbe mifupa nikulipe, atakataa?

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, lakini si Wajerumani ndo waliochimba, sisi tungejua nini. Swali hili naulizwa kila mahali na linanichosha kweli. Wakuu wa msafara walikuwa Janensch na Hennig, wanasayansi wa Kijerumani, hilo halina ubishi. Ila wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa maeneo yale, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kufukua mfupa bila kuuvunja. Wanasayansi wenyewe wamekiri, 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wangapi humu mlishamsikia Boheti? Haya. Na wale wanaosema ingebaki huku ingeharibika, ndugu zangu, ilikaa miaka milioni 150 huku na haikuharibika.

Siku moja nimesimama pale likaja kundi la watoto wa shule, wadogo, wamevaa vizibao vya njano. Mwalimu anawaeleza uzito, anakula nini, shingo ilivyo ndefu. Mtoto mmoja wa kike akauliza, sasa nani alimbeba mpaka hapa? Mwalimu akasema alikuja kwa meli. Mtoto akasema hapana, kabla ya meli. Nikashindwa kunyamaza, nikasema kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, watu wa kwetu, kwa miguu, nami natokea nchi hiyo. Mwalimu hakukasirika hata, akawakalisha chini watoto wote akaniomba niendelee. Nikawaambia Lindi, nikawaambia mianzi, nikamtaja Boheti. Wakalirudia jina lile wote kwa pamoja. Yule wa kike akataka kujua walikuwa wanakula nini njiani, na walipewa viatu au la. Mtoto wa miaka saba hivi! Sisi hatukuwahi kuuliza hayo, nami nimesoma historia mpaka kidato cha sita.

Mtu ataniambia, kaka, mi naenda kuhudumia wazee, siendi kudai mifupa. Vizuri, hata mi nilikuwa nyumba ya wazee, kule Wedding, sehemu ya Berlin. Asubuhi unapaka siagi kwenye mkate mpaka ukingoni, ukiacha pakavu babu anakurudishia sahani, saa tisa kahawa na keki, mchana kutwa unasukuma viti vya magurudumu. Kazi ya heshima na niliipenda. Lakini wale wazee wanakuuliza kwenu wapi, na wanauliza kweli, wana muda. Babu mmoja wanawe wote aliwapeleka kumwona yule mjusi na hakujua ametoka wapi, nilipomweleza akawa anamwambia kila muuguzi anayepita. Sa usingejua, ungemjibu nini, Kilimanjaro na simba?

Naona naonyeshwa saa, ngoja niharakishe. Hapohapo Wedding kuna mtaa unaoitwa wa Kiafrika, barabara zake zina majina ya huku, utakuta Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Iliyokuwa Petersallee, jina lililowekwa 1939 kwa ajili ya Carl Peters yuleyule aliyeanzisha koloni la Wajerumani huku, tangu 2024 kipande chake kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee, baada ya wanaharakati kuhangaika miaka mingi. Neukölln, sehemu nyingine ya Berlin, Wissmannstraße imekuwa Lucy-Lameck-Straße tangu 2021, huyu mama yetu mwanasiasa wa Moshi. Wissmann ndo afisa wa Kijerumani aliyekuja kumzima Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, aliyenyongwa Pangani 1889. Nendeni mkaione mitaa hiyo. Suala la mafuvu ya wazee wetu yaliyopelekwa Ujerumani linahitaji siku yake peke yake, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani 1900 na familia bado inatafuta kichwa chake, hilo siligusi kwa dakika mbili.

Ombi langu kwa waratibu ni moja na nimeshaliandika kwenye barua. Kwenye semina ya maandalizi tengeni asubuhi nzima kwa ajili ya Tendaguru na Maji Maji, na aitwe mtu wa Lindi aje aongee. Ile mada ya kutenganisha taka inaweza kupungua, mapipa yenyewe yameandikwa. Haya, maswali, tuanze na yule dada mwenye kilemba.