Kupogoa Mti Mkubwa: Msumeno Upite Wapi

Karibu mtazamaji. Mti huu umezidi kimo na matawi yameanza kulalia paa. Wengi wakifika hapa hukata kilele chote. Nakusihi usifanye hivyo. Mti uliokatwa kichwa huchipua fito nyingi kwa pupa, zimeshika juujuu tu karibu na gome, na zikishanenepa ndizo zinazong'olewa na upepo. Urefu unarudi uleule, mti ukiwa dhaifu zaidi.

Kwanza uzunguke mti wote. Nyaya za umeme zikiwa karibu, acha, waite wahusika wa umeme. Kama kazi inadai msumeno wa injini juu ya ngazi, mwachie fundi mwenye kamba na mkanda. Wewe vaa kofia ngumu na miwani, na asiwepo mtu chini.

Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosuguana.

Sasa sogea hapa, tawi linapotokea kwenye shina. Unauona uvimbe huu, gome limejikunja kama kola ya shati? Hapo ndipo mti unapofungia jeraha lake. Ukiukata, uozo unapata njia ya kuingia shinani. Ukiacha kisiki kirefu, nacho kitaoza. Tunakata nje kidogo tu ya uvimbe.

Ila tawi zito halikatwi kwa mkupuo. Pima kama sentimita 30 kutoka shinani, kata kuanzia chini hadi theluthi ya unene. Songa nje sentimita chache, kata kutoka juu. Umeona? Limeanguka, na gome halikuchanika kuelekea shinani. Kisiki kilichobaki ni chepesi; kimalizie pale nje ya uvimbe.

Kupunguza urefu, fuata tawi refu kurudi ndani hadi ukute tawi la pembeni lenye unene usiopungua theluthi ya hilo unaloondoa. Kata hapo, na la pembeni litashika uongozi. Usizidishe robo ya majani kwa msimu mmoja, na mti mzee uuonee huruma zaidi, maana majani ndiyo yanayoulisha.

Jeraha usilipake rangi wala lami. Zinafungia unyevu ndani. Liache wazi. Kabla ya kuhamia mti mwingine, futa meno ya msumeno kwa spiriti, hasa kama huu ulikuwa unaugua.