Bosi wa Slough akija Nairobi

BARASA: Karibuni tena. Leo ni vichekesho vya kuazima. Njeri, uliwahi kukaa na waandishi waliotaka kukileta Nairobi kichekesho cha Waingereza, The Office. Kilifia wapi?

NJERI: Kilifia mezani, kaka. Tuliletewa skripti imeshatafsiriwa, tukaambiwa tubadilishe majina tu. Ukurasa wa kwanza, bosi anamtania karani wake. Karani anamtazama, hasemi kitu. Kwao, kimya hicho ndicho kichekesho chenyewe. Tukasoma kwa sauti, hakuna aliyecheka.

BARASA: Karani wa hapa hangenyamaza.

NJERI: Angecheka! Angecheka kuwashinda wote, maana kandarasi yake inaisha mwezi ujao. Kisha akishapanda matatu anampigia dada yake simu akilia. Nililisema hilo, nikaambiwa tusiharibu kazi ya wenyewe. Iliniuma, na bado inaniuma.

BARASA: Hata Wamarekani walijikwaa hapo hapo. The Office ilianza BBC mwaka 2001, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant: ofisi ya kuuza karatasi mjini Slough, Uingereza. NBC ya Marekani walipoichukua 2005, kipindi cha kwanza kilifuata skripti ya Waingereza karibu neno kwa neno.

NJERI: Kilichowaokoa ni kumpa moyo bosi wao, aliyeigizwa na Steve Carell. Kuanzia msimu wa pili bosi huyo bado anaudhi, lakini unamwona mpweke, anataka tu kupendwa. Waingereza walimaliza na vipindi 14, Wamarekani wakafika 201. Bosi usiyemwonea huruma utamvumilia misimu saba kweli?

BARASA: Basi nichoree huyo wetu.

NJERI: Saa nne asubuhi. Mama wa chai anaingia na chupa yake, mandazi kwenye ndoo. Bosi anasimama: leo chai ni juu yangu! Makofi. Halafu anamwinamia mama, sauti chini: "Andika." Mama anatoa kidaftari. Kamera isogee pale, Barasa, uone ukurasa mzima ni jina moja.

BARASA: Na wafanyakazi wanajua?

NJERI: Wote. Mwisho wa mwezi wanachanga kwa M-Pesa wamlipe mama, na bosi haambiwi. Kimya tunacho, ila chetu kinakaa pahali pengine.

BARASA: Papa Shirandula, kile kichekesho cha Citizen TV, ilijengwa juu ya aibu kama hiyo. Mlinzi anayemficha mkewe kazi yake, nyumbani wanamjua kama mkubwa wa ofisi.

NJERI: Na haikuazimwa kokote. Charles Bukeko, aliyeigiza Papa, alipofariki Julai 2020, kwetu kwenye ploti watu walimlilia kama jamaa yao. Anayeleta kitu cha nje ajue anakuja kukaa kando ya kile.

BARASA: Swali la lugha nalo. Huyu bosi ataongea nini?

NJERI: Mkutanoni Kiingereza. Akikasirika, Kiswahili. Mama yake akipiga simu, anatoka mbio hadi kwenye ngazi aongee Kikamba. Ukimpa lugha moja umemuua. Na ngazi hizo hazimo kwenye skripti ya Slough. Lazima uziandike mwenyewe.

BARASA: Anaambiwa nini huko?

NJERI: Mama anauliza pesa ya mabati itatumwa lini. Anajibu kesho, kama alivyojibu wiki jana.

BARASA: Na karani alikuwa anapanda.

NJERI: Amesikia yote. Anavua viatu, anashuka polepole, viatu mkononi.