Mtoto Mgonjwa Asiyepata Homa: Protini Unganishi na Kinga ya Mwili

Ndugu zangu wauguzi, matabibu, wakunga na wenzetu wa maabara, asanteni kwa kufika hapa Mtwara. Najua wapo walioondoka Newala, Masasi na Lindi alfajiri.

Nianze na hiyohiyo Newala. Kati ya 1952 na 1953, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, watu walishikwa na homa na maumivu makali ya viungo, na mwaka 1955 taarifa zake zikachapishwa. Ndivyo chikungunya ilivyoingia kwenye vitabu vya tiba. Wazee wetu waliuona ugonjwa ule kwa nje, mtu hawezi hata kunyoosha mgongo. Leo nataka tuuangalie kwa ndani, kwenye seli.

Kirusi kikishaingia ndani ya seli, hukutana na vipokezi vinavyotambua RNA ngeni, RIG-I na MDA5. Vipokezi hivi vikishamnasa mgeni haviwezi kwenda vyenyewe kwenye kiini cha seli kuamuru itengenezwe interferoni, protini inayozuia virusi kuzaliana. Huenda kwenye utando wa nje wa mitokondria, vijiumbo vinavyoipa seli nishati, na hapo ipo protini iitwayo MAVS. MAVS ikiamshwa hushikana na MAVS nyingine, zikajipanga kuwa nyuzi, na kwenye nyuzi hizo ndipo protini zinazofuata hukusanyika. Mwaka 2005 makundi manne ya watafiti yaliigundua karibu kwa wakati mmoja, kila kundi likaipa jina lake. Maabara imeonyesha kwamba seli zisizo na MAVS zikiambukizwa chikungunya hushindwa kutoa interferoni inavyotakiwa. Kirusi cha homa ya ini aina ya C kimekwenda mbali zaidi, maana kina kimeng'enya kinachoikata MAVS na kuibandua kutoka kwenye mitokondria.

MAVS ni mojawapo ya protini unganishi. Protini hizi haziui bakteria, na zenyewe si vimeng'enya. Kazi yake ni kama ya mshenga: haoi wala haozi, lakini asipokwenda yeye, familia mbili hazikai jamvi moja. Upande mmoja wa protini hushika kipokezi, upande mwingine hushika kimeng'enya, na kwa kukaribiana huko ujumbe unapita. Kwenye seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, iko protini unganishi nyingine, LAT, iliyotambuliwa 1998. Bila LAT, kipokezi cha seli T kinaweza kumtambua adui vizuri kabisa na bado seli isifanye lolote la maana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta, protini iitwayo MyD88. Hii hutumiwa na karibu vipokezi vyote vya jamii ya Toll, vinavyotambua vipande vya bakteria na vijidudu vingine. Kipokezi kikinasa kipande cha bakteria, molekuli za MyD88 hujipanga kwa msokoto, kisha huziita protini nyingine mbili, IRAK4 na IRAK2. Mwaka 2010 watafiti walionyesha umbo la mkusanyiko huo: MyD88 sita, IRAK4 nne, IRAK2 nne. Kutoka hapo amri hufika kwenye kiini, na seli huanza kumwaga sitokini, protini za kupeleka ujumbe kati ya seli, zikiwemo IL-1 na IL-6. Hizo ndizo huuambia ubongo upandishe joto la mwili, na ndizo huliambia ini litengeneze CRP, protini inayopanda kwenye damu mtu akiwa na maambukizi, ile mnayoipima maabara. Na kipokezi cha IL-1 chenyewe nacho hutegemea MyD88.

Mnaona inakoelekea? Mwaka 2008 watafiti walieleza habari za watoto tisa waliozaliwa bila MyD88 inayofanya kazi. Walikuwa wakipata maambukizi makali ya bakteria wanaotengeneza usaha, hasa nimokoka na stafilokoka: homa ya uti wa mgongo, sumu ya bakteria kwenye damu, majipu. Lakini virusi vingi, fangasi na vimelea waliweza kuvikabili kama watoto wengine. Shimo lilikuwa dogo, ila ni la kuua. Na mtoto wa namna hii, siku za mwanzo za ugonjwa, anaweza asichemke. Kipimajoto kinasoma 37 na kitu, CRP iko chini, mama anasema tu mtoto hanyonyi na amelegea. Muuguzi anayetafuta joto kali ataandika "hana homa" na kumrudisha nyumbani.

Jamani, naomba mnisikilize hapa. Tatizo hili la kurithi ni nadra sana. Nimonia nyingi tunazoziona kwenye zahanati zetu zina sababu nyingine. Lakini mtoto mchanga, na mtoto mwenye utapiamlo mkali, naye anaweza kuwa na maambukizi mabaya bila homa, na hao mnawaona. Mtoto aliyelegea, anayekataa kunyonya, anayepumua haraka, mchukulieni kuwa mgonjwa mahututi hata kama kwapa lake ni la baridi.

Kisha ulizeni habari za ukoo. Kasoro ya MyD88 hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo huonekana zaidi wazazi wakiwa ndugu wa damu. Uliza kwa heshima, pembeni, bibi akiwepo itasaidia, maana yeye anakumbuka: wako watoto wengine wa tumbo hili waliofariki kwa ghafla? Kitovu kilichelewa kudondoka? Kwa baadhi ya watoto hawa huchelewa, na hili wakunga ndio mnaolijua. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, yasibaki kichwani kwa muuguzi ambaye kesho atahamishwa.

Iko na kasoro ya upande wa pili, niipitie upesi. MyD88 inaweza kubadilika ikawa haizimiki. Badiliko liitwalo L265P hupatikana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa Waldenström, saratani ya damu ya watu wazima.

Turudi kwa mtoto wetu. Akishajulikana, hupewa antibayotiki za kinga kila siku na chanjo zote zinazohusika. Ile ya nimokoka tunayo nchini tangu 2013, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katika wagonjwa waliofuatiliwa, vifo vilitokea kabla ya miaka 8. Waliovuka hapo maambukizi makali yalipungua, na wakishaingia ujana yalikoma, ingawa MyD88 yao ilikuwa na kasoro ileile, huenda kwa kuwa sehemu nyingine za kinga zimeshakomaa. Tunachopigania ni ile miaka michache ya mwanzo, na mtoto katika miaka hiyo yuko mikononi mwa zahanati ya kijijini kwake.

Karibuni kwa maswali, tuanze na wakunga.